Hisabati tupu si debe tupu

Nimekuwa kimya hapa kwa karibu wiki tatu, na wengine wenu mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa nyumbani Gesima, kaunti ya Nyamira, ambako mtandao hushika ukisimama mlimani na kupotea ukiingia jikoni. Nilikwenda kwa sababu ya harambee, na harambee hiyo imenichoma moyo kiasi kwamba leo sitaandika juu ya programu wala simu mpya. Leo ni hisabati. Msikimbie.

Kisa chenyewe ni hiki. Binti ya dada yangu amepata nafasi ya kusoma shahada ya pili. Hataki uhasibu, hataki takwimu, hataki mambo ya bima. Anataka nadharia ya nambari, ile hisabati ambayo watu huifanya kwa kutaka kujua tu, bila kuagizwa na kiwanda wala benki. Karo haikutosha, familia na majirani wakaitwa, viti vikapangwa uani kwa dada, chai ikachemshwa. Mimi, kwa vile ndiye "kijana wa kompyuta" (nina mvi tayari, lakini kwetu bado ni kijana), nikapewa kazi ya kuwaeleza watu anakwenda kusoma nini.

Nikasimama. Nikatafuta neno. Nikasema anakwenda kusoma hisabati tupu.

"Tupu?" akauliza mzee mmoja jirani yetu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akipima majani kwenye kituo cha kununulia chai. "Tupu kama debe?"

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka. Lakini mzee akaendelea, na hapo kicheko kikaisha. "Mwanangu, siulizi kwa ubaya. Bonasi ya chai tumeigawa mpaka imekwisha. Akisoma udaktari, najua nitamwendea nikiugua. Akisoma ualimu, atafunza wajukuu wangu. Hii hesabu yako itatufanyia nini?"

Swali halali kabisa. Ni swali la mtu anayeombwa pesa zake. Na mimi, mtu ninayekula kwa jasho la wanahisabati kila siku ya Mungu, nililijibu vibaya. Nilisema atapata kazi benki.

Sijui kama atapata kazi benki. Yeye mwenyewe haitaki. Nilisema hivyo kwa sababu nilitaka noti zitoke mifukoni, na nilipoketi nilimwona msichana ameinamisha kichwa. Mjomba wake amesimama mbele ya watu na kumtetea kwa kumgeuza mtu mwingine.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kwa nini sisi tunaojua thamani ya kitu hiki tunashindwa kukieleza. Nimefikia kwamba tunashindwa kwa sababu tuna majibu matatu tuliyoyazoea, na yote matatu ni mabovu.

Jibu la kwanza ni lile langu: atapata kazi. Jibu hili ndilo limetawala nchi yetu. Mapema mwaka 2025 Wizara ya Elimu ya Kenya ilitangaza kwamba hisabati haitakuwa somo la lazima katika sekondari ya juu ya mtaala mpya. Kelele zikapigwa, na mwezi Aprili mwaka huohuo Waziri Julius Ogamba akatangaza kwamba kila mwanafunzi atasoma hisabati ya aina fulani, nzito kwa wanaofuata sayansi na teknolojia, nyepesi kwa wengine. Nilifurahi. Lakini hoja nilizozisikia wakati wa kelele zile zilikuwa karibu zote za kazi, viwanda na soko. Ukitetea kitu kwa soko peke yake, siku soko likibadilika umebaki bila hoja.

Jibu la pili ni la wanahisabati wenyewe: "Hamtaelewa." Hawalisemi hivyo, ila utaliona usoni. Ndugu zangu wanahisabati, nawaheshimu, lakini mtu anayelipa kodi akiuliza na wewe ukatabasamu tu kama padri aliyeulizwa juu ya Utatu, usishangae bajeti yako ikikatwa.

Jibu la tatu ni letu sisi waandishi wa programu: "Bila hisabati safi, pesa kwenye simu yako zingeibwa." Hili nitakaa nalo kidogo, kwa sababu lina ukweli mkubwa ndani yake, na ndiyo maana ubovu wake ni mgumu kuuona.

Jioni ile, watu walipoondoka, yule mzee alibaki. Nikaona aibu, nikamfuata na kikombe changu. Nikamwambia, "Mzee, leo ni Jumamosi. Chagua nambari yoyote isiyogawanyika kwa saba."

Akasema kumi.

"Zidisha kumi kwa kumi mpaka uwe na kumi sita: 10×10×10×10×10×10. Hiyo ni milioni moja. Siku milioni moja kuanzia leo itakuwa Jumapili."

Akacheka akasema hiyo ni zaidi ya miaka 2,700, nani atakuwepo kunishika uongo? Lakini alitoa simu, akafungua kikokotoo, akagawanya milioni kwa saba. Wiki 142,857, inabaki siku moja. Jumapili. Akajaribu mbili: 2 mara sita ni 64, yaani wiki 9 na siku moja. Jumapili. Tatu: 729, wiki 104 na siku moja. Jumapili tena. Akajaribu tano, ikatoka 15,625, wiki 2,232 na siku moja. Akanitazama kama mtu aliyechezewa karata tatu mjini.

Jaribu mwenyewe, msomaji. Chukua nambari yoyote isiyogawanyika kwa 7, andika sita zake na uzizidishe, kisha hesabu siku hizo kuanzia leo. Utaangukia siku ya kesho. Kila mara.

Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa aliyefanya hisabati kwa kujifurahisha, aliandika kanuni hii katika barua mwaka 1640. Inafanya kazi kwa 7 na kwa nambari yoyote ambayo haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe: 5, 11, 13 na nyinginezo. Kiswahili kinaziita nambari tasa, kana kwamba hazizai. Leonhard Euler wa Uswisi alitoa uthibitisho wake mwaka 1736, na mwaka 1763 akaipanua ifanye kazi hata kwa nambari zisizo tasa, kwa masharti yake. Wakati huo wote haikuwa na matumizi yoyote. Mwaka 1940, G. H. Hardy wa Cambridge aliandika kitabu akijivunia kwamba nadharia ya nambari haina faida kwa vita, na kwa jumla kwamba kazi yake haina matumizi.

Kisha mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman, wakiwa MIT huko Marekani, wakachukua kanuni ile ya Euler na kutengeneza kufuli. (Clifford Cocks, aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya ujasusi ya Uingereza, alikuwa ameigundua mwaka 1973, lakini ikafanywa siri mpaka 1997.) Siri ya kufuli lenyewe ni hii: kuzidisha ni rahisi, kurudi nyuma ni kugumu. Nikikupa 89 na 97 uzizidishe, utamaliza kabla chai haijapoa. Nikikupa 8,633 nikakuambia tafuta nambari mbili tasa zilizoizaa, utasota. Sasa weka nambari zenye tarakimu mamia. Hesabu za Euler ndizo zinazowezesha ufunguo mmoja ufunge na mwingine ufungue, hata ule wa kufunga ukitangazwa kwa dunia nzima.

Ninatumia kufuli hilo kazini. Ukiunganisha programu na M-Pesa kupitia Daraja ya Safaricom na ukataka kuwatumia watu pesa, nenosiri lako lazima ulifunge kwanza kwa ufunguo wa RSA. Kutoka barua ya Fermat mpaka RSA ni miaka 337. Hakuna mfadhili angengoja.

Mifano iko mingi. Ile alama ya vijiraba vyeusi na vyeupe kwenye risiti ya eTIMS ya KRA inasomeka hata ikiwa na doa la chai, kwa sababu imeandikwa kwa namna ya Reed na Solomon ya mwaka 1960, na namna hiyo imejengwa juu ya mifumo ya nambari yenye kikomo aliyoieleza Évariste Galois mwaka 1830. Galois alikufa mwaka 1832 kwa kupigana bastola. Alikuwa na miaka 20. Hakuacha mpango wa biashara.

Basi, kwa nini nasema jibu la tatu ni bovu?

Kwa sababu tunachagua washindi. Tunasimulia Fermat, Euler na Galois, na tunanyamaza kuhusu maelfu ya kanuni zilizothibitishwa ambazo hazijafungua hata kufuli la kabati. Ni kama mtu anayekushawishi kucheza bahati nasibu kwa kukuonyesha picha za walioshinda. Mzee wa Gesima si mjinga. Akiniuliza, "Na hii ya huyu msichana itatumika lini?" jibu la kweli ni kwamba sijui, yeye hajui, msimamizi wake hajui, na huenda isitumike kamwe. Mtu anayeahidi zaidi ya hapo anauza dawa ya kienyeji sokoni Keroka.

Hata mfano wa chai, ambao ulinijia ulimini siku ile, hautoshi. Mkulima anajua kungoja. Mche wa chai unamngojesha miaka kadhaa kabla ya kumlipa. Lakini anayepanda chai anajua kwamba kitakachoota ni chai. Mwanahisabati anapanda mbegu ambayo hajui kama ni mti, ua au jiwe.

Ukweli ninaoweza kuusema mbele ya watu bila kuinamisha kichwa ni huu: tunalipia ghala, hatulipii gunia. Hakuna anayejua ni gunia gani litahitajika, ila tunajua kwamba siku ya njaa hulimi, unakwenda ghalani. Mfano uko mbele yetu. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta za kwanta, zikikua vya kutosha, zitavunja RSA. Dunia ikahitaji kufuli jipya. Mwezi Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ikatoa viwango vitatu vipya, na viwili kati yake vimejengwa juu ya hisabati ya latisi, yaani nukta zilizopangwa kwa mistari kama miche ya chai shambani, ila katika pande mamia badala ya mbili. Hermann Minkowski aliandika kitabu kuhusu jiometri ya nambari za namna hiyo mwaka 1896. Walipokwenda ghalani, gunia lilikuwepo. Lingekosekana, pesa zote za dunia zisingelinunua kwa mwaka mmoja.

Sasa naja kwenye hoja nzito ya wapinzani. Nimeisikia kwa wasomi wenzangu, tena Nairobi: "Sawa, ghala lijengwe. Lakini acha matajiri walijenge. Kanuni zikithibitishwa huchapishwa, na Mkenya atazisoma bure. Kwa nini masikini alipie?"

Hoja hii ni nzuri, na inastahili jibu badala ya matusi. Jibu langu ni kwamba ghala lina mlango, na ufunguo wa mlango ni mtu. Andiko la hisabati likiwekwa mtandaoni bure, ni bure kwa anayeweza kulisoma. Mimi nina shahada ya sayansi ya kompyuta, na ukinipa maandiko yale ya latisi nitakwama ukurasa wa pili. Viwango vile vya 2024 nitavitumia kwa kunakili na kuomba Mungu. Mtu wa kuniambia kama nimevitumia vibaya, au kama kuna tundu, ni yule aliyekaa miaka akipigana na maswali magumu yasiyo na jibu nyuma ya kitabu. Hakuna njia ya mkato ya kumpata. Anayefundisha walimu wa walimu wetu ni huyohuyo. Nchi isiyo na watu hao haipati hisabati bure. Inapata programu zilizofungwa, na bili.

Na gharama yake? Mwanahisabati hahitaji maabara ya mabilioni. Anahitaji muda, vitabu, ubao na wenzake wa kubishana nao. Hata hivyo, mtandao wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki wa kuendeleza hisabati, ulioanzishwa mwaka 2002 na kuhusisha Nairobi, Dar es Salaam na Makerere, ulisimama kwa msaada wa Sweden. Wasweden wameona faida ya mtu wa Nairobi kufikiri, sisi tunauliza itatufanyia nini. Sheria yetu ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya mwaka 2013 ilizungumzia asilimia 2 ya pato la taifa kwa utafiti. Bado hatujafika hapo.

Kuna pia wale wanaosema haya ni mambo ya Wazungu. Hao nawapeleka Ishango, mashariki ya Kongo, pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua hapo mfupa wenye alama za kuchanjwa, wa miaka kama 20,000. Safu moja ina mafungu ya alama 11, 13, 17 na 19. Hizo ndizo nambari tasa zote kati ya 10 na 20. Wataalamu wanabishana: wengine wanasema ni kalenda ya mwezi, wengine wanasema ni sadfa. Mimi siapi. Ninachoweza kusema ni kwamba kuna mtu wa kando ya ziwa letu aliyeketi akihesabu kitu kwa uangalifu, zamani sana kabla ya kuwapo Cambridge.

Narudi kwa mzee wangu, maana sijawaambia alichofanya baada ya kuona Jumapili nne zimefuatana. Alinyamaza. Kisha akauliza, "Na kama wiki ingekuwa na siku sita?"

Sikumfundisha kuuliza hivyo. Tukajaribu: kwa wiki ya siku sita unazidisha mara tano. 2 mara tano ni 32, ukigawanya kwa sita inabaki 2. Imekataa. Siku tano? 2 mara nne ni 16, inabaki 1. 3 mara nne ni 81, inabaki 1. Imekubali. Nane ikakataa, tisa ikakataa, kumi na moja ikakubali. Giza likaingia, dada akaleta taa, na mzee bado anabonyeza simu. Mwishowe akasema, "Zile tasa zinakubali. Nyingine zinakataa."

Nikamwambia nusu ya kwanza ni kweli na ilithibitishwa, lakini nusu ya pili ina mtego. Binti ya dada yangu, ambaye alikuwa akisikiliza mlangoni, akasema, "Babu, jaribu 561." Hiyo si tasa, ni 3×11×17, lakini inakubali kwa kila nambari isiyogawanyika kwa 3, 11 wala 17. Ungejaribu mifano mia tano ukaapa kwamba ni sheria, na ungekuwa umekosea. Ndiyo maana wanahisabati hawaridhiki na mifano, wanadai uthibitisho. Mzee akamtazama yule msichana kwa muda. Nadhani ndipo alipojua anakwenda kusoma nini.

Hakuuliza tena itatufanyia nini. Sidai kwamba swali lake lilikuwa limejibiwa. Lakini alikuwa amegundua kwamba yeye pia anataka kujua, na kwamba kutaka kujua kuna njia yake, ambayo mtu wa kiti cha mbele na mtu wa jikoni wanaifuata sawasawa. Waziri akisema tarakimu fulani "zinakubali", mtu aliyezoea njia hiyo atauliza: kwa zote, au kwa ulizojaribu tu? Nchi yenye watu wengi wanaouliza hivyo ni ngumu kuidanganya. Hiyo nayo ni faida, na haingoji miaka 337.

Kwa hiyo, wanahisabati, tokeni. Andikeni kwa Kiswahili, nendeni kwenye mabaraza, anzeni na siku za wiki. Waandishi wa programu wenzangu, tuache kuahidi watu mapato ambayo hatuyajui. Nanyi wa serikali, mkitaka kuipima hisabati kwa ajira tu, pimeni basi na hasara ya kununua kila kufuli nje.

Harambee haikufikia lengo. Pengo la karo bado lipo, nami nimechukua sehemu yake, adhabu ya kusema uongo hadharani. Mama mmoja alinong'ona wakati wa kuondoka kwamba bado haoni kwa nini msichana asisome uuguzi, na siwezi kumlaumu.

Juzi nimepata ujumbe kwenye simu kutoka Gesima. Mzee ameandika: "13 inakubali. 15 inakataa. Lakini kwa nini?"

Bado sijamjibu. Nimempa namba ya msichana.